Makro za Mwalimu

Mtu akikuambia kompyuta mpya ina kasi kuliko ya zamani, mwulize kwanza ameifanyia kazi gani. Hii yangu mpya, laptopu niliyoletewa na binti yangu kutoka Dar es Salaam, ni nyembamba kama sinia na inawaka kabla sijavaa miwani. Lakini kazi ambayo ile ya zamani iliifanya huku mimi napuliza chai, hii iliifanya huku nabandika makande, yanachemka, yanaanza kuiva, na lile duara la bluu bado linazunguka katikati ya kioo. Nilikasirika jamani. Mimi nikikasirika naongea peke yangu, na siku hizi hata nikifurahi naongea peke yangu, kwa hiyo majirani hawajui tofauti.

Naishi Same mjini, kwenye nyumba ambayo dirisha la sebuleni linatazama milima. Asubuhi kule juu wamefunikwa na wingu, kumelowa, wanalima tangawizi yao, na sisi huku chini tunafagia vumbi. Upepo wa Same wageni huutukana. Sisi tumeshauzoea, tunaweka jiwe juu ya kila kitu. Juu ya karatasi zangu kuna jiwe la mtoni alilolishusha mume wangu kutoka kwao Vudee, akasema ni zawadi. Zawadi ya jiwe! Nililipokea, ningefanyaje.

Sebule ndiyo ofisi yangu. Nachapa ratiba za ibada za mazishi na za harusi, mihtasari ya vikao vya ukoo, na malalamiko ya mashamba ya watu wanaogombania mpaka wenye upana wa jembe. Watani wetu wanasema Mpare akidhulumiwa kuku atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani. Wacha waseme. Kesi hizo za kuku zimenisomeshea watoto.

Makro alizitengeneza mume wangu. Alikuwa mwalimu wa hesabu, nami nilimwita Mwalimu tangu uchumba wetu mpaka siku tunamzika. Jina lake lenyewe nilimwachia mama yake aliite. Kwa asiyejua, makro ni mfululizo wa amri ambao mtu anauandika mara moja na kuuhifadhi ndani ya programu ya kuandikia. Ukibonyeza kitufe, kompyuta inajipangia yenyewe: msalaba juu, kichwa cha habari katikati, nyimbo mahali pake, majina ya watoto na wajukuu kwa mpangilio, na kurasa zinajigeuza ili ukishachapa na kukunja upate kijitabu. Kazi iliyokuwa ikinilia nusu siku ikawa ya kikombe kimoja cha chai.

Na kila makro aliiwekea neno la mwisho. Ikimaliza kazi kinatokea kisanduku kidogo cha maandishi katikati ya kioo, na chini yake kitufe cha kukubali. Ya malalamiko ya mashamba inasema, "Tayari, mama. Mungu awasaidie wote wawili." Ya kamati za harusi inasema, "Tayari. Pilau hiyo tunaila." Ya vikao vya ukoo inasema, "Tayari. Hakikisha hujaacha shangazi." Alikuwa anakaa chumba cha pili anasahihisha madaftari ya watoto wa watu, na akinisikia nimecheka anajua imemaliza.

Ya vijitabu vya ibada ndiyo niliyoizoea kuliko zote: "Tayari, mama. Niite nije kukunja."

Maana kukunja ilikuwa kazi yake, hakuniamini hata kidogo. Alikaa kwenye kigoda chake karibu na dirisha, kijiko mkononi, anapitisha mgongo wa kijiko kwenye mkunjo mpaka karatasi inalala kabisa. Mimi nilikunja kwa kiganja, haraka haraka, niende kwenye mambo mengine. Alikuwa akichukua kijitabu changu, anakitazama kwa pembeni, anasema, "Hiki kina kitambi." Basi nikawa naita, "Mwalimu!" naye anaitika, "Naja!" anakuja na kijiko chake.

Printa tuliyokuwa nayo tuliiita Babu. Alikuwa mkubwa, mzito kuamka. Ukimwasha anakohoa kwanza, anatikisa meza, anapumzika, ndipo anatoa karatasi. Mwalimu alimsajili kwenye kompyuta kwa jina hilohilo la Babu. Akisikia kikohozi anasema kutoka chumbani, "Babu kaamka, mpe uji."

Mwaka jana Mwalimu aliugua, akalazwa, hakurudi kwa miguu yake. Tulimpandisha Vudee tukamzika pembeni mwa migomba ya baba yake. Kwetu mfiwa hashiki kazi. Unakalishwa kwenye mkeka, unafunikwa kanga, unaletewa uji usioutaka, anayekuambia nyamaza na anayekuambia lia wamekaa kulia na kushoto kwako. Kwa hiyo kijitabu cha mazishi yake kilichapwa na watu wengine huko mjini. Waliweka maua mekundu kwenye pembe zote, na njiwa. Ukurasa wa nyimbo ulikuja kabla ya ukurasa wa historia yake, kwa hiyo watu waliimba wimbo wa kuaga kabla hawajaambiwa kazaliwa wapi. Mtu aliyewapangia misiba watu wa milimani na wa bondeni akazikwa kwa kijitabu kilichokunjwa upande. Iliniuma sana. Sikusema neno, kwa sababu mjane akianza kulalamikia karatasi watu watasema kachanganyikiwa.

Baada ya hapo Babu alinishinda. Nikimwasha, akikohoa, nageuza shingo kuelekea chumba cha pili kusubiri ile sauti ya "mpe uji." Kila mara nageuka, kila mara nakuta hakuna mtu. Ikaja Jumapili ya mavuno. Kanisani kwetu siku hiyo kila mtu analeta alichojaliwa, maharage, mkungu, jogoo aliyefungwa miguu, na ibada ikiisha vinauzwa kwa mnada pale nje. Mimi nilimbeba Babu, nikamweka kati ya maboga na miwa. Watu wakanitazama. Mchungaji akasema Bwana anapokea vyote. Mzee mmoja wa Maore, aliyekuwa amekuja kumtembelea mwanawe, akamnunua Babu akaondoka naye, nami nikarudi nyumbani mikono mitupu nikalala mchana kutwa.

Kompyuta ya zamani haikulalamika. Makro zilienda vilevile, na kuchapa nikawa nabeba faili kwenye flashi kwenda kwa jirani mwenye duka la steshenari. Kisanduku kikitokea, "Niite nije kukunja," nakibonyeza upesi kife, nisikisome. Wakati mwingine nilikisoma.

Halafu siku moja umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo kama unavyojua kurudi, na kompyuta ikatoa harufu ya kandambili inayoungua. Basi. Fundi aliokoa mafaili yote pamoja na makro, lakini mashine yenyewe akasema tuiombee. Binti yangu akaja na laptopu na printa mpya, vyote ndani ya maboksi. "Mama, hivi ni vya mwisho," akasema. "Vikiharibika unahamia kwangu." Ana nia nzuri. Anadhani upweke ni ugonjwa wa Same, ukipanda basi kwenda Dar unapona.

Mwanawe ana jina la Mwalimu. Kwetu mtoto anapewa jina la babu yake ili jina likiitwa uani pawepo wa kuitika. Ni desturi nzuri sana, lakini huyo mwenye jina anacheza kwenye ua wa Dar es Salaam. Hapa kwangu hakuna wa kuita wala wa kuitika.

Laptopu niliitoa, printa nikaiacha kwenye boksi chini ya meza, na juu yake nikatandika kitambaa. Msinicheke. Wino ukifunguliwa unaanza kukauka, na mimi sikuwa na kitu cha kuchapa bado. Huwezi kufungua kopo la samli kwa kuwa tu limeletwa.

Ndipo ndugu wa Mwalimu walipopanga siku ya kusimika msalaba kaburini. Walikaa kikao, wakagawana kazi: huyu saruji, yule maturubai, wale chakula. Wakanigeukia na ule uso wa kuonea mjane huruma, wakasema, "Wewe mama pumzika tu." Nikasema hapana. Mara hii si msiba, mara hii mjane anaruhusiwa kushika kazi. Kijitabu cha ibada nakitengeneza mimi, kwa makro za Mwalimu mwenyewe, kila ukurasa mahali pake, bila njiwa hata mmoja. Walinikubalia kama mtu anavyomkubalia mtoto. Wao waliona ni karatasi tu. Mimi nilitaka angalau mara moja, kabla hatujamfunika kwa saruji, azikwe kwa mpangilio wake.

Niliandika maneno yote, nikasahihisha, nikabonyeza kitufe. Duara likaanza kuzunguka. Nikangoja. Nikaenda uani nikaanua nguo, nikarudi, tuko ukurasa wa kwanza. Nikapepeta mchele, nikarudi, tuko ukurasa wa pili. Baadaye kioo kikapauka, yakatokea maandishi kwamba programu haijibu, ikafa yote, na kijitabu kikarudi kama kilivyokuwa. Nikajaribu tena kesho yake, ikawa vilevile. Kile kisanduku hakikutokea hata mara moja.

Sikukaa bure, msidhani. Nilizima kompyuta nikaiwasha. Nilifunga programu zote nyingine. Nilihamisha faili kutoka kwenye flashi nikaliweka ndani ya mashine yenyewe. Niliizima kwa muda ile kinga ya virusi, Mungu anisamehe, nikaiwasha tena upesi nisije nikaambukizwa. Nilibadilisha namna kurasa zinavyoonekana kwenye kioo. Kila nikijaribu jambo nasema leo ndiyo leo, na duara linazunguka tu, halina habari na mimi. Nilijaribu makro za mashamba, nazo ni hivyo hivyo. Zote zilikuwa zinakufa polepole, na nilikuwa nimekaa nazitazama.

Nikampigia binti yangu. Akanisikiliza, akasema kwa upole, "Mama, hizo makro ni za zamani mno. Zifute. Nitakutumia mfano mzuri wa ibada, wewe unajaza majina tu."

Nikamwambia, "Nimfute baba yako?"

Nilimsikia anavuta pumzi, na nikajua nimemchoma bila sababu, maana na yeye kafiwa. Nikamwambia nisamehe mwanangu, ni joto. Akasema, "Najua, mama." Hakuna aliyezungumzia tena makro.

Ikabaki siku chache watu waanze kupanda Vudee. Nikamwita fundi. Fundi wangu ana kibanda karibu na stendi, ni mtu mzima mwenye kipara, na ni Mchaga, yaani mtani. Mtani haji nyumbani kwako akakaa kimya.

"Shikamoo, mama mtani," akasema mlangoni.

"Marahaba. Umekuja kutengeneza au umekuja kuniuzia nyingine?"

"Nikuuzie wewe? Mpare akinunua kitu mvua inanyesha Same."

Nikamwekea kiti. Akabonyeza vitufe viwili, ukafunguka ukurasa ambao sikuwahi kuuona maisha yangu, umejaa mistari ya maneno ya kompyuta. Kumbe makro ina tumbo. Mwalimu alikuwa akiingia humo na mimi nikidhani anasahihisha madaftari. Kati ya mistari ile kulikuwa na mingine ya kijani, na hiyo ilikuwa Kiswahili kitupu. Fundi akanieleza kwamba ya kijani kompyuta haiisomi, inairuka. Ni maneno ya mwandishi ya kujikumbusha amefanya nini.

Akasema tutaiendesha mstari mmoja mmoja, tuone inaponasa. Kila mstari zamu yake ikifika ulikuwa unageuka wa njano, kisha njano inashuka chini yake. Ilishuka vizuri, tena haraka, ikapita msalaba, ikapita kichwa cha habari. Halafu ikasimama. Tukatazamana. Nikasema labda umeme, akaninyamazisha kwa mkono. Njano ilikaa palepale mpaka nikasikia makande yanabubujika jikoni, kisha ikashuka, ikaenda ukurasa wa pili, na ilipofika kwenye maneno yaleyale ikasimama tena.

"Hapa," fundi akasema, akaweka kidole kwenye kioo changu kipya. Juu ya mstari ule kulikuwa na maandishi ya kijani. Akasoma kwa sauti: "Babu ni mzito kuamka. Mwite kila ukurasa, usimkatie tamaa." Akanigeukia. "Huyu Babu ni nani?"

Nikamweleza. Akacheka, kisha akashika kipara akafikiri. "Basi ndiyo hiyo, mama. Makro kabla haijapanga ukurasa inataka kujua printa itakayochapa, ili ipime karatasi. Inamwita Babu. Kwenye kompyuta ya zamani Babu hakuwepo mezani lakini jina lake lilikuwepo kwenye orodha, kwa hiyo ilikuwa inaambiwa yupo, amezimwa, inaendelea na safari. Humu Babu hajulikani kabisa. Inamwita, haioni wa kuitika, inamtafuta kila kona mpaka inachoka. Ukurasa unaofuata inaanza upya kumtafuta."

Niliinuka nikaenda jikoni, nikasema naangalia makande. Sikuwa naangalia makande. Nilishika ukingo wa meza nikalia kwa sauti ndogo, mdomo kwenye kanga. Siku zote hizo nimeitukana mashine, kumbe ilikuwa inafanya alichoiambia. Inamwita mtu, na huyo mtu nimempeleka mimi mnadani, kati ya maboga na miwa. Nilinawa uso nikarudi na bakuli la makande ili nionekane nilikuwa na sababu.

Fundi alikuwa anatazama huku na huku. "Printa mpya iko wapi? Binti yako si alileta?"

Nikanyanyua kitambaa.

"Kwa nini iko kwenye boksi?"

"Wino."

Alinitazama, akatazama boksi, akanitazama. Halafu akaangua kicheko, akapiga paja, akainuka akaenda mlangoni kumtafuta wa kumsimulia, akakosa mtu, akarudi. "Mungu wangu! Mpare kaificha printa wino usiishe! Kompyuta haina printa hata moja ya kuiuliza, wala ya kukopa! Ungeichomeka hii tangu siku ya kwanza tungeshajua zamani."

"Umemaliza?" nikamwuliza.

"Sijamaliza, hii nitaicheka mpaka Krismasi." Akaketi, akafuta machozi. "Sasa sikiliza. Tunachomeka hii, halafu nafuta kila mstari unaomwita Babu."

Akaanza kuitafuta. Ilikuwa mingi. Mwalimu aliifuma kama mkeka: Babu akiitika ukurasa wa kwanza, ndipo unapangwa wa pili, na Babu akiitika ukurasa wa mwisho, ndipo kinafunguka kile kisanduku cha neno lake. Fundi akakuna shingo. "Naweza kuifumua," akasema, "ila siahidi hayo maneno ya mwishoni yatabaki. Ni mapambo tu lakini, mama. Kazi itafanyika." Na kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufutia.

"Toa mkono!"

Nilisema kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu watoto wangu walipokuwa wadogo. Aliutoa. Upepo ukagonga dirisha, karatasi zikataka kuruka, jiwe likazizuia. Mimi nilikuwa nafikiria mjukuu wangu kule Dar, anavyoitika jina ambalo halikuwa lake mwanzoni.

"Hii mpya inaitwaje?" nikauliza.

Akasoma ubavuni mwa boksi. Herufi na tarakimu, kama namba ya gari.

"Nani kaipa jina hilo?"

"Kiwandani."

"Linabadilika?"

"Linabadilika. Unaandika unalotaka."

"Basi mpe jina la Babu. Makro ikimwita, aitike huyu."

Fundi alinitazama mpaka nikadhani nimesema upuuzi. Kisha akatikisa kichwa polepole kukubali. "Arithi jina," akasema. "Hatugusi mstari hata mmoja." Halafu utani ukamrudia. "Na jina ni bure!"

"Ndiyo maana nimelichagua."

Tukaitoa printa kwenye boksi. Ni nyeupe, ndogo, haina hata uzito wa kuku. Akaichomeka, akaisajili, akaniachia mimi niandike jina. Niliandika herufi nne kwa vidole viwili kama mtu asiyejua kuchapa. Kisha nikabonyeza kitufe cha makro.

Sikuwahi hata kukaa vizuri. Kurasa zilipita mbele ya macho yangu, msalaba, historia, nyimbo, majina, kila ukurasa inaita na kila ukurasa inaitikiwa, na kabla fundi hajaondoa mkono kwenye kipara, kisanduku kikawa katikati ya kioo.

"Tayari, mama. Niite nije kukunja."

Fundi alikisoma. Alisoma mara moja tu, akainama akaanza kukunja waya wake. Hakuleta utani wowote. Nilimfungia makande kwenye bakuli lenye mfuniko, akasema bakuli atalirudisha. Mchaga kurudisha bakuli, tutaona. Mlangoni akasema, "Jumamosi nitapanda Vudee, mama," nikasema asante, akaenda.

Nyumba ikarudia kimya chake. Kisanduku kilikuwa bado kinasubiri. Hakiondoki mpaka ukikubalie, na ukiwa hujakikubalia kompyuta haifanyi jambo lingine. Nilikitazama mpaka jua lilipohamia upande wa pili wa dirisha. Mara hii sikubonyeza upesi. Nilisoma kila neno, nikabonyeza, kikaondoka, nikaamuru kuchapa.

Babu mpya hakohoi. Hatikisi meza. Karatasi zilitoka kimya kimya, moja baada ya nyingine, na ya mbele ikiwa na picha yake ile ya shati la mikono mifupi, akicheka. Nilizikagua. Historia ilikuwa kabla ya wimbo wa kuaga. Majina ya wajukuu yalikuwa kamili, na huyo mwenye jina lake nilimkuta hapo, majina mawili yanafanana kwenye ukurasa mmoja. Hapakuwa na njiwa. Rundo likawa kubwa, moto kidogo bado, nikalibeba mpaka karibu na dirisha ambako kigoda chake kipo.

Nikaita.

Niliita kama nilivyokuwa naita siku zote, kwa sauti ya kufika chumba cha pili: "Mwalimu!" Sijui nilitarajia nini. Sikutarajia kitu. Niliambiwa niite, nikaita. Nje paliendelea kuwa na upepo, lori likashusha gia kule barabarani, na chumba cha pili kilikuwa na madaftari yake yaliyosalia na kanzu yangu ya kwaya.

Nikaenda jikoni nikachukua kijiko. Nikaketi kwenye kigoda, nikaweka karatasi ya kwanza magotini, nikaikunja katikati, nikapitisha mgongo wa kijiko polepole kama alivyokuwa akifanya, kutoka juu mpaka chini, nikarudia. Kisha nikakinyanyua kijitabu, nikakitazama kwa pembeni.

Kilikuwa na kitambi.